Sifa za Kuingoja Kompyuta Mpya katika Bonde la Yaeda

Kuingoja kompyuta mpakato mpya ni shughuli ya kiofisi inayoanza siku mashine ya zamani inapotamkwa kuwa chakavu, na kukoma siku mpya inapopokewa kwa sahihi. Urefu wa muda ulio kati ya siku hizo mbili haukuwekewa kikomo. Kampuni kubwa duniani hubadilisha mashine za wafanyakazi wao kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Katika ofisi za vijijini, mashine ya miaka mitano bado ni kijana. Shughuli hii haihitaji mafunzo wala posho, na haijawahi kusimama kwa sababu ya kukatika umeme. Hata hivyo vitabu vya utawala vimeinyima nafasi, na wanaoitaja huitaja kwa manung'uniko tu.

Bonde la Yaeda ni mahali pazuri pa kuichunguzia. Liko kusini mwa Ziwa Eyasi, ndani ya Bonde la Ufa, na kata ya Yaeda Chini imo katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara. Humo wanaishi Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw na Waisanzu. Kiangazi mbuga hukauka na vumbi likapenya kila tundu, la feni ya kompyuta likiwamo. Masika mbuga ileile hujaa maji, na safari ya kupanda Mbulu mjini, aliko fundi, ikawa ya kubahatisha. Jua ni jingi, kwa hiyo umeme wa sola upo; mawingu yakitanda siku mbili, haupo. Katika hali hiyo watendaji wa vijiji, walimu na wahudumu wa zahanati hutakiwa kutoa taarifa zilezile zinazotolewa na wenzao wa mjini, kwa mifumo ileile na kwa tarehe ileile ya mwisho.

Bonde hili lina nafasi ya pekee katika elimu ya kungoja. Mwanaanthropolojia Mwingereza James Woodburn, aliyeanza utafiti wake kwa Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliyatumia maisha yao kueleza tofauti kati ya aina mbili za jamii, katika makala aliyoichapisha mwaka 1982. Zipo jamii ambazo jasho la leo hulipwa leo: watu huchimba mizizi, huwinda, hurina asali, na chakula huliwa siku hiyohiyo au baada ya siku chache, bila ghala na bila mkubwa wa kugawa. Zipo nyingine ambazo jasho la leo hulipwa baadaye: mkulima hungoja mavuno, mfugaji hungoja ndama, na kungoja huko huzaa maghala, urithi, mikataba na wakubwa. Wahadzabe walikuwa mfano wake mkuu wa aina ya kwanza. Ofisi ya umma iliyojengwa katikati yao ni aina ya pili iliyofikia ukamilifu, kwa kuwa mkulima hungoja mvua, na mvua ina majira. Ofisi hungoja fungu.

Nchi yenyewe, Tanzania, ina uzoefu wa muda mrefu katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Hazina katikati ya miaka ya 1960. Kazi ya mahesabu iliyokabidhiwa mashine hiyo haikwenda vizuri, gharama zilikuwa kubwa na fedha za kigeni chache, na mwaka 1974 serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Zuio lililegezwa taratibu katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo mtumishi anayeingoja kompyuta leo hajazua jambo geni: anafuata nyayo za taifa zima, ambalo liliwahi kungoja kwa amri.

Kungoja kuna hatua zake, na kila hatua hufungua nyingine. Ya kwanza ni dokezo, linaloeleza kwamba mashine iliyopo haikidhi mahitaji. Dokezo hupanda na kurudi na maoni kwamba ombi lizingatiwe katika bajeti ijayo. Ya pili ni bajeti yenyewe: vijiji huibua vipaumbele vyao, halmashauri hujumlisha, ukomo wa bajeti hushuka kutoka juu, na kompyuta hulinganishwa na dawati, choo cha shule na mafuta ya gari la wagonjwa. Hakuna mtu mwenye dhamiri anayeweza kuitetea mbele ya choo. Ya tatu, ikiwa imepona, ni tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha unapoanza na kompyuta ikawa na kasma yake. Ya nne ni kushuka kwa fedha, ambako hakufungamani na tarehe. Ya tano ni ununuzi, ambao tangu mwaka 2023 hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS. Hapa hutokea jambo la kustaajabisha kidogo: ili kompyuta inunuliwe, lazima pawe na kompyuta inayofanya kazi. Kisha Juni 30 hufika, na kisicholipiwa hurudi hatua ya pili.

Faida ya kwanza ya hali hii ni nidhamu ya muda. Betri nyingi za mpakato huanza kupoteza uwezo baada ya kuchajiwa mara mia tatu hadi mia tano, na joto huharakisha uchakavu huo. Betri ya bondeni, iliyokwisha kupita hesabu hiyo zamani, hukaa na chaji dakika chache. Mtumishi aliyepewa dakika chache haanzi kufikiri mbele ya kioo. Huja akiwa ameshafikiri, ameandika rasimu kwenye kaunta buku na kujumlisha takwimu kwa kalamu. Kompyuta hupokea tu kilicho safi. Semina za matumizi bora ya muda hufundisha hayohayo kwa gharama kubwa zaidi.

Faida ya pili ni ufupi wa maandishi. Kibodi ambayo herufi yake moja imeng'oka humlazimisha mwandishi kuchagua maneno, na programu inayoganda kila ukurasa wa tano huzuia taarifa kufika ukurasa wa sita. Taarifa nyingi za maendeleo ya robo mwaka zingefaidika na mashine ya namna hiyo.

Faida ya tatu ni mshikamano. Pale ambapo mashine iliyo hai ni moja, mwalimu, mtendaji na mhudumu wa afya hulazimika kujuana. Hupangiana zamu, huazimana chaja na flashi, na virusi vinavyohama na flashi hizo huwa mali ya wote. Ofisi ambamo kila mtu ana mashine yake hupata kazi nyingi zaidi, lakini hukosa habari za nyumbani kwa mwenzake.

Faida ya nne ni udhuru. Taarifa iliyochelewa ikiwa na mpakato mpya ni uzembe. Taarifa iliyochelewa ikiwa na mpakato chakavu ni changamoto, na changamoto ina aya yake maalum mwishoni mwa kila taarifa. Udhuru huu hauishi, hauhitaji ushahidi, na hukubalika ngazi zote.

Faida ya tano inalihusu bonde hasa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi ya jamii kwa msaada wa shirika la UCRT, na tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2010 vijiji kama Domanga na Mongo wa Mono vimekuwa vikiuza hewa ukaa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania, kwa kulinda misitu isikatwe. Mapato yake yamesaidia huduma kama afya na elimu. Sasa sehemu kubwa ya hewa ukaa inayotokana na kompyuta mpakato hutoka kiwandani, kabla haijawashwa hata mara moja. Asiyenunua hulinda anga kuliko anayenunua iliyo bora. Dunia ilizalisha taka za kielektroniki tani milioni 62 mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ofisi inayongoja haikuchangia hata kilo. Ni haki kusema kwamba inafanya kazi ya mlinzi wa msitu, ila mlinzi wa msitu hulipwa.

Wapo wasioridhika, ambao hutafuta mbadala. Mbadala wa kwanza ni kufufua mashine iliyopo. Kuondoa hadidiski ya zamani na kuweka SSD, kuongeza RAM na kusafisha feni huweza kuirudishia mpakato ya miaka kumi mwendo wa kuridhisha, kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya. Kikwazo ni kwamba kipuri nacho ni ununuzi, na hupitia hatua zilezile tano. Zaidi ya hayo, mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda sana duniani kwa sababu vituo vya akili mnemba vilikuwa vikizinyakua. Waliokuwa wakingoja bei ishuke walijifunza kwamba na bei huweza kungoja kisha ikapanda.

Mbadala wa pili ni mtumba wa Kariakoo au Arusha: mashine zilizotumika Ulaya au Dubai, zikaachwa na kampuni zinazobadilisha kila miaka minne. Nyingi ni imara kuliko mpya za bei hiyohiyo. Tatizo lake ni programu endeshi. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, iliacha kupewa huduma za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Ndiyo maana zimekuwa nyingi sokoni: zimestaafishwa kwa sheria ya kampuni, si kwa ugonjwa. Uganda, ikihofia kugeuzwa jalala, ilitangaza katika bajeti ya mwaka 2009 kuzuia uingizaji wa kompyuta zilizotumika.

Mbadala wa tatu ni Linux, ambayo ni bure na huenda vizuri kwenye mashine kuukuu. Ubora wake hauna ubishi. Lakini mtumishi anayeiweka mwenyewe huwa fundi wa kata nzima kuanzia siku hiyo, na cheo hicho hakina mshahara.

Mbadala wa nne ni kishikwambi. Baada ya sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu. Ni vyepesi, betri zake hukaa, na kwa kuandikia jedwali lenye safu ishirini humfundisha mtu subira ambayo hata mpakato chakavu haijaifikia. Simu ni mbadala wa tano, na kwa kweli ndiyo inayofanya kazi nyingi zaidi: picha ya ukurasa wa daftari hutumwa kwa WhatsApp, na mtu wa juu, mwenye kompyuta, huchapa mwenyewe. Bando hulipwa na mtumaji.

Mbadala wa sita ni steshenari ya Mbulu mjini, inayochapa kwa ukurasa. Kwa anayetoka bondeni, ukurasa huo una nauli ya kwenda, nauli ya kurudi na pengine malazi. Wa saba ni mtumishi kununua yake kwa mkopo. Mbadala huu hufanikiwa karibu kila mara, na ndiyo maana hauandikwi popote: mashine binafsi haimo katika daftari la mali, na takwimu za ofisi huendelea kuonyesha kwamba kazi imefanyika bila kompyuta.

Wa nane hutolewa na bonde lenyewe. Woodburn alieleza kwamba Wahadzabe wa kiume walikuwa wakicheza kamari ya vipande vya magome ya mti, na kwa njia hiyo mishale, visu, shanga na nguo zilizunguka nchi yao nzima bila kamati. Vitu vilivyopatikana upande mmoja vilifika upande mwingine, na hakuna aliyelimbikiza. Upinde, ambao mtu huwa nao mmoja tu na hawezi kuishi bila huo, haukuwekwa dau. Kanuni hiyo ya mwisho inastahili kuangaliwa na wataalamu wa ununuzi: jamii iliyokubali kubahatisha karibu kila kitu ilikataa kubahatisha chombo cha kazi.

Wapinzani wa kungoja husema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Hutaja mashine isiyopata tena viraka vya usalama ilhali imebeba taarifa za wagonjwa, takwimu zilizopotea na hadidiski, matokeo ya wanafunzi yaliyochapwa mara mbili, saa za usiku na nauli. Hoja hizi ni za kweli zote. Zinachanganya tu mifuko miwili. Hasara wanazozitaja hutoka kwenye mfuko wa anayetumia mashine, na hazina kasma. Akiba inayopatikana huingia kwenye mfuko wa anayetakiwa kuinunua, na huonekana mwishoni mwa mwaka. Ukiutazama mfuko wa pili peke yake, hakuna mbadala hata mmoja kati ya minane unaokaribia kungoja kwa unafuu, na sifa zote zilizotajwa hapa zinasimama. Ukiitazama mifuko yote miwili, kufufua mashine kwa SSD na RAM ndiyo njia nafuu kwa mashine yenye afya, mtumba wenye Linux kwa iliyokufa, na kungoja hubaki njia ya gharama kubwa kuliko zote. Mpaka sasa vitabu vya mahesabu vinatambua mfuko mmoja.