Papa, Tuachie ya Sukari

Kwetu Kigoma huitwa chai. Huku Kongo, njia ya Kasongo kwenda Kabambare, ni matabishi, na kijana wa kizuizi haishushi kamba mpaka ahesabu noti mara mbili, kidole akikilamba. "Papa, tuachie ya sukari." Nikampa. Akaniuliza kama Tanzania nako kuna rushwa. Ipo, nikamwambia, ila sisi tunaipokelea chini ya meza. Akanionea huruma.

Nimkasirikie yeye? Kinshasa, mwaka 2020, Vital Kamerhe, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya rais, alihukumiwa miaka 20 kwa ubadhirifu wa fedha za nyumba. 2022 mahakama ikamwachia huru, 2023 akawa waziri wa uchumi. Kijana wangu hana hata meza. Ukipita, beba noti ndogondogo: chenji hana.