Sifa za Milingi Mbovu

Fumo Liyongo anasimuliwa kuwa aliusifu uta wake, na malenga wa pwani waliomfuata wakasifu majahazi, minazi na hata wake za watu. Kusifu kitu chenye manufaa ni kazi rahisi. Mchuuzi wa samaki anaiweza tangu alfajiri. Mimi nataka kusifu kisicho na manufaa: milingi kuukuu, ile mashine ndogo ya kuchongea chuma ambayo Waingereza wapenda ufundi waliiweka bandani nyuma ya nyumba, na ambayo leo, ikiwa mikononi mwangu hapa hapa Uingereza, haichongi chochote.

Kwa asiyeijua: kwenye kerezo chuma ndicho kinachozunguka na kisu kimetulia. Kwenye milingi kisu ndicho kinachozunguka, na chuma, kikiwa kimebanwa kwenye jiliwa juu ya meza, husogezwa polepole kwa kuzungusha mipini. Hivyo ndivyo hupatikana uso bapa, mfuo wa kabari, jino la gia. Yote haya nayajua vizuri sana, kwa kusoma.

Yangu ni Dore-Westbury. Westbury ni Edgar Westbury, aliyekuwa mwandishi wa jarida la Model Engineer, ambalo Percival Marshall alilianzisha mwaka 1898 na ambalo limelea vizazi vya mafundi wa Jumamosi. Mashine hii iliuzwa vipande vipande. Mnunuzi alipewa vyuma vya kusubu, bado vina makovu ya kalibu, pamoja na michoro. Kukereza, kutoboa na kuunganisha ilikuwa shauri yake.

Tazama basi fadhila yake ya kwanza. Gari likiharibika, unataja mwaka na modeli, muuza spea anageuka nyuma, anatoa boksi, mmemalizana. Raha iko wapi hapo? Milingi yangu haina namba ya spea hata moja. Kiwanda chake kilikuwa banda la mzee fulani aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, ambaye mchoro ulipomwambia atumie keekee ya saizi hii, yeye alitumia aliyokuwa nayo. Milingi mbili za jina hilohilo zikisimamishwa pamoja, kipande cha moja huenda kisikubali kukaa kwenye nyingine. Nani mwingine anamiliki kitu ambacho hakina mwenzake duniani? Wafalme tu, na mimi.

Fadhila ya pili ni elimu. Kabla ya mashine hii niliamini boliti ni boliti. Sasa najua kwamba Joseph Whitworth alipendekeza kipimo chake cha hesi mwaka 1841, kwa pembe ya nyuzi 55, na kwamba hesi ya milimita ina nyuzi 60, na hazipatani hata zikilazimishwa. Najua kwamba spana ya Whitworth huandikwa unene wa boliti na si upana wa kichwa chake, kwa hiyo spana iliyoandikwa nusu inchi haikamati kichwa cha nusu inchi. Najua pia hesi iitwayo British Association, ambayo jina lake ni la Kiingereza mpaka kwenye mifupa lakini vipimo vyake ni vya milimita: namba 0 ina kipenyo cha milimita 6. Mzee wa bandani alizitumia zote. Ukifungua kifuniko kimoja unahitaji masanduku matatu ya spana, na mlioko Dar mnajua kuwa mwenye masanduku matatu ya spana huheshimiwa mtaani hata kama hajawahi kutengeneza baiskeli.

Lakini sifa kubwa ninaiwekea nati ya meza.

Meza husukumwa na hesi ndefu inayopita ndani ya nati ya shaba. Yangu ina meno 10 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja wa mpini unasogeza meza sehemu ya kumi ya inchi, na pete ya mpini imegawanywa alama 100, kila alama ikiwa sehemu moja ya elfu ya inchi. Hesabu tamu kabisa. Ila shaba imelika. Ukigeuza mwelekeo, mpini unazunguka alama 25 nzima kabla meza haijapata habari. Mafundi huita hali hiyo mchezo, na kweli tunacheza, mimi na meza. Meno yenyewe ni ya aina iitwayo Acme, bapa, nyuzi 29, na yamekatwa kushoto, ili mpini ukizungushwa kuelekea kulia kama desturi, meza iende mbele. Tapu ya kukatia hesi ya Acme ya kushoto ya saizi hiyo si kitu unachokikuta dukani kando ya misumari.

Nichonge nati mpya, basi? Ndiyo. Kipande cha shaba kinatakiwa kwanza kiwe na pande zilizonyooka na pembe mraba, na hakuna mashine inayofaa kazi hiyo kuliko milingi. Milingi ipo. Inasubiri nati.

Nilimpigia simu mjomba wangu, fundi wa Gerezani huko Dar, anayechonga tangu mimi sijazaliwa.

"Mpwa wangu, kipande chenyewe unacho?"

"Ninacho mjomba, ila kimekwisha."

"Kilichokwisha kinatosha. Kitume, nitakitoa kipya wiki hiyohiyo. Mteja anakitaka lini?"

"Hakuna mteja, mjomba."

"Sasa hiyo mashine inachonga nini?"

"Ikipona? Nitaanza na kishikio cha hiyo mashine yenyewe."

Alinyamaza kidogo, halafu akaniulizia afya ya watoto.

Sikumtumia. Mjomba ni mtu hatari: angeitengeneza. Ndilo kosa la beringi pia. Beringi namba 6205 ni milimita 25 kwa 52 kwa 15 ukiwa Birmingham, na ni hiyohiyo ukiwa Tanga. Unaitaja, unalipa, unaondoka. Sijawahi kukutana na mtu wa maana kwa ajili ya beringi. Kwa ajili ya nati nimekunywa chai na mstaafu wa reli, nimepewa keki na mjane anayeuza vifaa vya marehemu, nimefundishwa kupima hesi kwa nyaya tatu na mzee asiyesikia vizuri, na wote hawana nati.

Nisiisahau nguzo. Kichwa cha mashine kimepanda kwenye nguzo ya mviringo, kwa hiyo ukikilegeza ukipandishe ili ubadilishe kisu, kinageuka kidogo pembeni, na tundu ulilokuwa umelilenga kwa saa nzima linapotea. Unaanza kulenga upya. Mashine nyingi za kisasa zina nguzo ya mraba na reli zake. Kichwa hupanda na kushuka palepale. Wenyewe wanaziita bora. Wanamaliza kazi saa nne asubuhi, halafu wanakosa pa kukimbilia wageni wanapofika nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipita mahali ukaona kwenye ndoo ya vyuma chakavu nati ya shaba, Acme, ya kushoto, meno 10 kwa inchi, nakuomba uiache hapohapo. Ila ikiwa ina hesi yake nzima, basi niulizie bei, usiseme ni ya nani.