Muulize Shangazi: "Nataka Kama Hii"

*Shikamoo Shangazi. Napiga picha za harusi. Bibi harusi kanitumia picha aliyoitoa Pinterest: maharusi wa Kizungu msituni, majani ya kahawia, jua la jioni. Anataka zake ziwe vilevile. Zake nilizipiga saa saba mchana, ufukweni. Nimenunua preseti, sasa bwana harusi amekuwa rangi ya papai. — Mpigapicha, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Mpelekee bwana harusi pole zangu. Preseti ni vipimo ambavyo mtu alivipanga kwa picha yake. Jua lako havilijui. Jioni miale husafiri mbali zaidi hewani, buluu ikatawanyika njiani, zikabaki njano na nyekundu. Saa saba jua liko utosini na vivuli vimeingia machoni. Jua hilo hakuna programu ya kulishusha.

Lakini hukosi la kufanya. Fungua picha zote mbili kwenye skrini moja. Sawazisha kwanza weupe wa shela, ndipo uongeze ujoto kidogo. Kisha kagua giza la picha ya mfano: ni jeusi kweli, au limefifia likawa kijivu? Mara nyingi uzuri anaoung'ang'ania mteja umejificha hapo, na unaupata kwa kuinua kidogo tu ncha ya chini ya mstari wa toni. Minazi isukume kutoka kijani kuelekea njano. Bahari ipunguzie ukolezi. Rangi ya chungwa usiiguse: ngozi za watu, weusi kwa weupe, zinakaa hapo, na ndipo papai lako lilipoivia.

Tena ngozi usiifananishe na mfano hata kidogo. Kwa miongo kadhaa maabara za Marekani zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na watu weusi wakatoka vivuli vyenye meno. Usiyarudie hayo Tanga, kwa hiari yako, kwa pesa ya mteja. Bwana harusi mlinganishe na bwana harusi mwenyewe.

*Shangazi, kwenye kompyuta yangu picha zinafanana na mfano kabisa. Kwenye simu ya mteja zina ubuluu, utadhani nimewapigia ndani ya friji. Simu yake mbovu? — Mwenye Haki, Mwanza*

Ulihariri usiku, skrini ikiwa kwenye ile hali ya usiku yenye unjano. Uliuona unjano, ukaupiga vita, na picha haikuwa nao. Simu ya mteja ni nzima. Zima hali hiyo, hariri upya, na safari hii usimtoze.