Mabaki ya Cheo: Utangulizi wa Ng'atukolojia ya Kikristo katika Ukanda wa Ziwa

Mwanafunzi mpendwa, fungua daftari, zima simu. Elimu unayoianza leo imepuuzwa na vyuo vikuu vyote vya dunia, jambo ambalo kwa sehemu kubwa linaeleza hali ya dunia. Tunaiita Ng'atukolojia: uchunguzi wa kisayansi wa yale yanayompata Mkristo kati ya dakika anayokabidhi muhuri na Jumapili ya kwanza anayoketi kanisani bila kazi. Wataalamu wa anga wamepima umbali wa nyota. Hakuna hata mmoja aliyepima umbali wa kutoka kiti cha meza kuu hadi benchi la nne toka mlangoni, ambao ni mrefu zaidi na hausafiriki kwa chombo chochote.

Uwanja wetu ni Mwanza. Mwanafunzi mvivu atauliza kwa nini. Wakatoliki wana jimbo kuu hapa tangu 1987. Waanglikana wana Dayosisi ya Victoria Nyanza tangu 1963. Kanisa la AIC limeweka hapa makao makuu yake ya nchi nzima, Walutheri wana Dayosisi ya Mashariki ya Ziwa Victoria, na ndugu zetu wa Kipentekoste wana mahema kuanzia Igoma hadi Buhongwa. Kila kanisa lina kwaya, wala si moja. Kila kwaya ina mwenyekiti, makamu, katibu, katibu msaidizi, mhazini, mwalimu, mlezi na mtu wa nidhamu, hata kwaya ndogo ikawa na viongozi wengi kuliko waimbaji wa besi. Ongeza jumuiya, WAWATA ya wanawake Wakatoliki, UWAKA ya wanaume wao, wazee wa kanisa na kamati za ujenzi. Kila uchaguzi unapopita, vielelezo vinamwagwa barabarani kwa wingi unaoishinda miamba ya jiji hili.

Sasa fasili, na uiandike neno kwa neno. Cheosalia ni kiasi cha cheo kinachobaki mwilini baada ya cheo chenyewe kukabidhiwa kwa maandishi. Hujikusanya sehemu tatu: shingoni, ambapo mhusika hugeuka akisikia "Mwenyekiti!" hata sokoni Mlango Mmoja, kooni, ambapo huleta kikohozi kifupi kabla ya matangazo, na mfukoni, penye ufunguo wa stoo. Kipimo chake ni benchi, yaani idadi ya mabenchi ambayo mhusika amerudi nyuma tangu siku ya kura. Makanisa yenye viti vya plastiki hayapimiki, kwa kuwa mhusika husogea na kiti chake.

Kuhusu ufunguo, wanagenzi wengi hukosea. Yuko aliyebaki nao kwa kusahau, na yuko aliyebaki nao ili apigiwe simu. Kuwatofautisha ni rahisi. Mpigie saa tano usiku, mwambie kinanda kinahitajika alfajiri. Wa kwanza atauliza, "Ufunguo gani?" Wa pili atakuwa ameshavaa viatu. (Mimi ninao ufunguo wa stoo ya kwaya fulani, kwa ajili ya utafiti.)

Tuingie katika theolojia ya suala. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba sakramenti tatu hutia alama isiyofutika: Ubatizo, Kipaimara na Daraja Takatifu. Uchunguzi wa uwandani unatulazimisha kuuliza iwapo hazijafika nne, maana aliyewahi kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi hafutiki. Paa likiezuliwa na upepo wa ziwani yeye ndiye huulizwa, na asipoulizwa hueleza. Kwenye jina la ubatizo unaweza kumkosea ukamwita Petro badala ya Paulo, akatabasamu. Mwite "mzee" bila "mwenyekiti" uone.

Maaskofu wamewekewa utaratibu. Kanuni ya 401 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamtaka askofu wa jimbo anayetimiza miaka 75 awasilishe barua ya kujiuzulu kwa Papa, na kanuni ya 185 inaruhusu aliyeondoka kwa umri apewe jina la mstaafu. Kwa hiyo askofu ana umri, ana barua, na ana jina la kwenda nalo nyumbani. Mwenyekiti wa kwaya hana hata kimoja. Hakuna kanuni ya umri wa kuacha uenyekiti wa kwaya, na matokeo yake yanasikika wazi kwenye sauti ya tatu.

Hata Roma jambo hili halikukosa utata. Benedikto wa Kumi na Sita alipoacha kiti tarehe 28 Februari 2013, saa mbili usiku, aliacha viatu vyekundu akavaa vya kahawia, ila kanzu nyeupe alibaki nayo na jina la kipapa alibaki nalo. Huo tunauita mng'atuko wa kuanzia miguuni. Mwanza mwelekeo ni kinyume: maiki hutoka kwanza, kwa kunyang'anywa, na viatu vya meza kuu huvaliwa hadi soli iishe.

Sasa ainisho. Likariri.

Aina ya 1: Mng'atukaji Kivuli. Huketi nyuma ya mrithi wake na kumnong'oneza. Anapenda sana sentensi "mimi sasa ni muumini wa kawaida", huitamka akiwa amesimama, na huitamka kwa muda wa dakika kumi na tano. Lazima tutofautishe Kivuli cha Asubuhi, ambacho ni kirefu na humfunika mrithi kabisa, na Kivuli cha Adhuhuri, ambacho kimejikunja chini ya miguu yake na kumkwaza. Wapo wanaodai kuna Kivuli cha Jioni. Sijakiona, na wanaokidai hawana elimu.

Aina ya 2: Mgonjwa wa Jumapili. Malaria humpata Jumamosi usiku baada ya kushindwa uchaguzi na humwacha Jumatatu alfajiri, akiwa mzima wa kubeba gunia. Hakuna dawa. Jumapili ya mkutano mkuu hupona.

Aina ya 3: Mpokea Ufunuo. Bwana amesema naye apumzike. Hapa mwanafunzi aandike saa. Ufunuo unaokuja kabla ya kuhesabu kura ni nadra na una thamani kubwa kwa makumbusho. Unaokuja baada ya kura kuhesabiwa ndio ule wa kawaida, na hutangazwa kwa machozi.

Aina ya 4: Mhamaji. Usichoke kumtafuta. Baada ya miezi michache utaliona turubai jipya, lina jina refu, na yeye ni Mwangalizi Mkuu. Kwa istilahi yetu huyu hajang'atuka. Amebadilisha tu anwani ya kiti.

Aina ya 5: Asiyechaguliwa. Wanazuoni wengi humruka, na ndipo hapa wanapoanguka. Ni mke wa mchungaji, au wa mwenyekiti. Hakupigiwa kura, hakuapishwa, hakuna barua iliyomweka. Siku moja aliamka anaitwa Mama Mchungaji, akapewa wageni wa kupikia, wagonjwa wa kutembelea, na kitenge cha sare apange kitashonwaje. Kisha mume akahamishwa au akastaafu. Mume akaagwa kwa zawadi na hotuba, akapewa hata ng'ombe. Mama akaulizwa sufuria kubwa la kanisa liko wapi. Cheosalia yake ni kubwa kuliko zote nilizopata kuziona na haina mahali pa kutolewa, kwa sababu huwezi kukabidhi ofisi ambayo kwenye daftari haikuwapo. Nimependekeza fomu. Fomu haijajibiwa.

Aina ya 6: Mpisha Kiti. Kielelezo bora kiko ng'ambo ya maji, Bukoba. Bengt Sundkler, Msweden, profesa wa Uppsala, alikuwa askofu wa Kilutheri huko kuanzia 1961. Ilipofika 1964 alikuwa amemkabidhi Josiah Kibira, mwana wa huko huko, naye akarudi kufundisha. Mwaka 1977, mkutano ulipofanyika Dar es Salaam, Kibira akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Miaka mitatu ya uaskofu! Cheosalia haikupata hata nafasi ya kukaza. Kitaalamu ni hasara.

Aina ya 7: Mrejea-Nyavu. Hapa tukae kidogo, kwani wakazi wa ziwa tuna haki ya kipekee kuhusu jambo hili. Katika sura ya 21 ya Injili ya Yohana, Simoni Petro, kiongozi ambaye mambo yalikuwa yamemharibikia, anawatangazia wenzake kwamba anakwenda kuvua. Huu ni mng'atuko kamili: hana barua, hana hotuba, hana keki. Wenzake sita wanamfuata, jambo linalothibitisha kwamba kamati haifi hata katikati ya maji. Usiku kucha hawapati kitu. Asubuhi wanavuta samaki 153.

Swali la kwanza la kitaalamu: samaki gani? Si sangara. Sangara aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na hoja ya kwamba aliwahi kufika Galilaya nimeikataa kwa maandishi. Ziwa lile lina samaki wa jamii ya sato, na hadi leo watu humwita samaki wa Petro. Swali la pili ni zito zaidi: nani alihesabu? Fikiri, mwanafunzi. Bwana amefufuka, amesimama ufukweni, mkaa unawaka, mkate upo; na mtu mmoja ameinama anahesabu hadi mia moja hamsini na tatu bila kukosea. Yuda, aliyeshika mfuko, hayupo tena. Nafasi ya mhazini ilikuwa wazi. Nadhani sihitaji kuendelea.

Mrejea-Nyavu wa leo utampata Mwaloni, Kirumba, kati ya magunia ya dagaa. Alikuwa mzee wa kanisa miaka mingi. Alikabidhi daftari, stakabadhi na ufunguo siku moja, saa za mchana, mbele ya mashahidi. Jumapili huketi palipo na nafasi. Wimbo ukianzishwa chini mno anaimba hivyo hivyo chini mno. Nilimuuliza anajisikiaje akipita mbele ya meza kuu. Akasema, "Salama tu, mwalimu. Dagaa wamepanda bei." Shingo yake haikugeuka. Nimerudia kipimo mara kadhaa, na kila mara chombo kimesoma sifuri, dalili ya wazi kwamba chombo kina hitilafu.

Historia ya kale inatupa nguzo mbili, na mtahini hupenda kuziuliza. Ya kwanza ni Eli, kuhani, aliyeamua Israeli miaka 40 na kuondoka kitini akiwa na miaka 98 kwa kuanguka chali. Katika hati zote tulizonazo, ndiye mfano ulio safi zaidi wa kiti na mtu kuachana kwa wakati mmoja. Ya pili ni Samweli, ambaye alipozeeka alisimama mbele ya watu wote akawataka waseme ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa, na punda wa nani. Wakasema hakuna. Hiyo ndiyo taarifa ya makabidhiano fupi kuliko zote. Ukiifanyia majaribio katika kwaya za leo, badili punda kuwa spika, ng'ombe kuwa kinanda, na uchague ukumbi wenye milango miwili.

Nimebakiza kielelezo kinachoniudhi. Mtoto wa chifu wa Wazanaki, kutoka Butiama, upande wa pili wa ziwa hili hili, alibatizwa Nyegina karibu na Musoma mwaka 1943, akapewa jina la Julius. Mwaka 1955 aliacha ualimu Pugu. Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu. Mwaka 1985 aliacha urais, na 1990 uenyekiti wa CCM. Akarudi kijijini, akalima, akaenda Misa, akaziweka Injili katika tenzi zilizochapishwa 1996. Kwa kadiri ya nadharia yangu, mtu mwenye ming'atuko minne angepaswa kuwa amejaa cheosalia hadi masikioni, na cheosalia ya urais ingezimeza nyingine zote. Kilichotokea ni kinyume. Hadi anafariki London, Oktoba 1999, watu walimwita Mwalimu, kwa kazi aliyoiacha miaka 44 kabla, ndogo kuliko zote na ya kwanza kuachwa. Jimbo la Musoma likafungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na hakuna mahali mchakato huo unapouliza aliongoza vikao vingapi. Nimelitazama jambo hili kutoka kila upande. Nadharia iko sawa. Kielelezo ndicho kilichokosea, na katika toleo lijalo nitakiweka kwenye tanbihi.

Zoezi la uwandani, alama thelathini. Jumapili ijayo chagua kanisa ambalo limefanya uchaguzi mwezi huu. Simama karibu na mlango, usiketi, maana ukiketi utachaguliwa. Subiri matangazo. Katibu mpya atakaposema, "Mwenyekiti, karibu mbele," hesabu shingo zote zitakazogeuka, kisha toa moja. Zinazobaki ndizo sampuli yako. Usijaribu kuwahoji siku hiyo hiyo baada ya ibada. Watakuwa kwenye kikao.