Cherehani ya Kata

Kwetu Nyololo, Mufindi, ukinunua ng'ombe, ng'ombe ni wako. Ukinunua pikipiki ni yako, angalau mpaka shemeji apate safari ya Mafinga. Ukinunua cherehani, umeifungulia kata ofisi, na mtumishi wa ofisi hiyo ni wewe, bila mshahara, bila likizo, na bila mlango wa nyuma wa kutorokea.

Yangu ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ilipanda Kitonga salama, ikapita Iringa na Mafinga, ikashushwa hapa njia panda ya kwenda Mgololo mchana kweupe, mbele ya bodaboda, wachoma mahindi na madereva wa malori ya mbao waliokuwa wanakunywa chai. Boksi limechapwa picha ya cherehani pande zote nne. Aliyelibuni hajawahi kuishi kijijini. Angekuwa na huruma angechora birika. Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshanitangulia, na jirani yangu alikuwa amekaa kibarazani na suruali ya mwanawe mkononi.

"Kamwene, Mwalimu. Hongera kwa mashine. Nilikuwa na zipu tu hapa."

Zipu tu. Mtu anayejua kushona hayatamki maneno hayo mawili pamoja. Zipu ya suruali unaanza kwa kufumua kiuno, unafumua mishono iliyopigwa kiwandani kwa mashine ambazo wewe huna, unatoa zipu iliyokufa, unapachika mpya, kisha unarudisha kila kitu mahali pake huku ukiomba Mungu mbele isipinde. Mwenye suruali akija anaigeuza huku na huku, anasema, "Mbona haionekani kama umefanya kitu?" Hayo ndiyo malipo.

Na mimi sikununua cherehani kwa ajili ya zipu. Nimestaafu ualimu, vifungo vya watoto wa watu nimeshavishona vya kunitosha. Nilitaka kitu kimoja: kushona blanketi la viraka. Unaunganisha vipande vya vitenge mpaka vinapata upana wa kitanda, katikati unatandika kitu cha joto, chini unaweka bitana, halafu unapiga mishono inayopenya matabaka yote matatu ili cha katikati kisije kikakimbilia chote miguuni. Hamu hiyo niliipatia Iringa mjini, pale Neema Crafts, kituo cha Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha kilichoanza mwaka 2003, ambako watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona, na wanatengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Nikajiambia, kama kinyesi cha tembo kinaweza kuwa kadi ya harusi, hivi vitambaa vilivyojaa sandukuni kwangu vinashindwa nini?

Baba watoto hakuona mantiki. "Blanketi si lipo?" Lipo, ndiyo. Kila nyumba ya Mufindi ina lile blanketi zito linalouzwa kwa kilo, lenye chui anayekukodolea macho usiku kucha. Baridi yetu ya Juni na Julai haina mzaha, na chui anaifukuza vizuri tu. Lakini chui huyo ukimfua leo anakauka wiki ijayo, na miaka yote hii tumelala naye hajabadilisha hata sura.

Upinzani mkali ulitoka kwa mama mkwe. Yeye ana historia na viraka. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 maduka yalikuwa meupe, kitambaa kilikuwa cha foleni, na mitumba haikuwa imeruhusiwa kuingia kama sasa. Watu waliheshimika wakiwa na viraka viwili nyuma ya suruali kama miwani. Mpaka serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka 1984, na marobota yakaanza kuja, mama mkwe alikuwa ameshashona viraka juu ya viraka, kwa mkono, kwa uzi aliouchomoa kwenye nguo nyingine. Sasa ananiona mimi, mkwewe, mwenye pensheni, nimechukua kitenge kizima na mkasi, nakikatakata vipande, halafu naviunganisha tena.

"Mwanangu," akaniambia, "kuna mtu amekukosea?"

Nikamweleza kwa upole. Nikamwambia huko Marekani, jimbo la Alabama, kuna mahali panaitwa Gee's Bend. Akina mama weusi wa huko, wajukuu na vitukuu vya watumwa, walishona mablanketi ya viraka kwa nguo kuukuu za shambani ili watoto wasife baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yakatundikwa ukutani kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, watu wakalipa kiingilio kuyatazama. Mwaka 2006 yakachapwa kwenye stempu za posta za nchi ile. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Maskini. Na hao nao walikosa nguo nzima?"

Tuje kwenye mashine yenyewe. Niliilipia kwa mgao wa kikoba, Desemba tulipovunja kisanduku, na anayedhani kununua cherehani kwa shilingi za kukusanya kidogokidogo ni ushamba wa kwetu ajue kwamba kampuni ya Singer ilianza kuziuza kwa malipo ya awamu mwaka 1856, kwa sababu hata Wamarekani hawakuwa na fedha yote mkononi. Kwa fedha ile nimepewa mishono zaidi ya mia. Kuna mshono wa majani, wa mioyo, na mmoja wa bata wanaofuatana. Nani Mufindi aliomba bata? Kitabu cha maelekezo kina lugha nyingi, ikiwemo moja ambayo hata herufi zake sijui zinaanzia upande gani, ila Kiswahili hamna. Ukikosea kitu mashine inalia, inaonyesha namba kwenye kioo, na inakataa kuendelea mpaka uombe radhi.

Ninachohitaji mimi ni mshono mmoja ulionyooka, upite kwenye matabaka matatu. Huo ndio inaouchukia. Chini ya sindano kuna meno madogo yanayovuta kitambaa kwenda nyuma. Meno yanavuta kinachoyagusa, yaani bitana. Kitenge kilichoko juu kimekandamizwa na mguu wa mashine, hakivutwi na mtu, kinachelewa. Ukifika mwisho wa safari bitana imeshawasili na kitenge bado kiko njiani, kimejikunja. Dawa yake ipo: mguu maalumu wenye meno yake, unaovuta na tabaka la juu, vyote vitembee sawasawa. Kwa kazi ya mablanketi huo ndio roho ya mashine. Kwa hiyo hawakuuweka kwenye boksi. Waliweka brashi ya kufagilia vumbi, sindano za akiba, na mguu wa kupiga matundu ya vifungo.

Mguu huo wa kutembea umeagizwa Dar es Salaam. Wakati unasubiriwa nikaanza kushona kutoka katikati kwenda pembeni, mikunjo nikiisukumia nje, huku blanketi limeviringishwa upande mmoja na kulazimishwa kupita kwenye kile kiuwazi kati ya sindano na mwili wa mashine, ambacho kilipimwa na mtu aliyewazia leso. Ukipata mwendo, umeme unakatika. Unabaki gizani umelikumbatia blanketi zima mapajani, na angalau unapata joto.

Kinachoniudhi zaidi ni fundi wetu wa pale barabarani. Ana Butterfly nyeusi ya kukanyaga, ya Shanghai, maua yake ya dhahabu yameshafutika kwa viganja. Haina kioo, haijui bata, haijui kama umeme upo au umekatika. Inapita kwenye jinzi iliyokunjwa mara nne kwa mlio uleule inaopita nao kwenye gauni la kipaimara. Niliingiwa na wasiwasi kwamba atanichukia kwa kumwingilia kazi. Mwaka 1831 Mfaransa mmoja, Barthélemy Thimonnier, alikuwa na karakana Paris yenye mashine kama themanini za kushonea sare za jeshi; mafundi cherehani wa mjini walivamia wakazivunja, wakihofia kufa njaa. Basi nikawa nampitia fundi kwa shikamoo ya heshima, ingawa umri wetu unalingana.

Kumbe wala. Fundi wetu hana nia ya kuvunja mashine ya mtu. Anachofanya ni hiki: kazi za maana, suti, magauni ya send-off, sare za kwaya, anabaki nazo. Anayeleta zipu anamwelekeza kwangu. "Nenda kwa Mwalimu, ana mashine ya kisasa." Juu ya hayo, yale mabaki ya vitambaa aliyokuwa anawashia jiko, nilipoyaomba mara ya kwanza alinipa kiroba kizima bure. Niliporudi alikuwa ameshayapanga kwa rangi, na kila fungu lina bei.

Hata hivyo blanketi lilikwisha. Katikati nilitandika blanketi jembamba la mitumba kutoka Makambako, chini bitana ya kahawia isiyoonyesha uchafu, juu vitenge vya njano, bluu na wekundu wa udongo wetu. Halikukaa kitandani kwangu hata wiki. Mama mkwe alilichukua, "kwa ajili ya miguu tu", na miguu yake imeng'ang'ana nalo mpaka leo. Anasema ni jepesi kuliko chui na lina joto kuliko chui. Ila analitandika kifudifudi. Viraka vinatazama godoro, bitana ya kahawia inatazama wageni, kwa sababu hataki watu waondoke wakisema mwanawe ameshindwa kumtunza mama yake.

Matokeo yake yalibisha hodi juzi jioni. Mama mmoja wa jumuiya yetu, binti yake anaolewa, alikuwa ameenda kumjulia hali mama mkwe akaliona blanketi. Amelipenda. Analitaka lilelile kwa ajili ya kumpeleka binti, fedha ipo, hata leo anaweza kutanguliza. Nilivuta kiti nikamkaribisha uji. Nikamuuliza viraka anavitaka vya rangi gani.

"Viraka vya nini tena, Mwalimu? Nataka kama lile la bibi. Kahawia, zima."

Nikamwambia mama, hilo ni shuka, yapo tele sokoni Makambako. Akanywa uji wake wote, akaweka kikombe chini taratibu, akaniambia nisione aibu: kama kazi imenishinda niseme tu, aipeleke kwa fundi wa barabarani.