Tantine, Peruki Nayo Ni Dhambi?

Likasi, Juni 2020

Tangu Rais Tshisekedi atangaze hali ya dharura kwa ajili ya korona tarehe 24 Machi, barua zenu zimebadilika. Zamani mliniuliza juu ya waume wanaokula bukari kwa jirani na mashemeji wasiorudisha makuta. Sasa simu yangu imejaa komande. Makanisa yamefungwa, baa zimefungwa, shule zimefungwa, na kilio hakilaliwi tena nyumbani: maiti inatoka chumba cha maiti moja kwa moja hadi makaburini, na watu wachache tu. Mtu wa Likasi hana tena pa kuonekana, lakini nguo za kuonekana bado anaagiza. Najibu kwa zamu, kadiri umeme wa SNEL unavyoniruhusu. Mgeni akisikia bwawa la Mwadingusha liko upande wetu huku, anadhani sisi tunalala na taa.

*Tantine, bwana yangu anafanya kazi mgodini upande wa Kolwezi. Kampuni imewafungia kambini kwa ajili ya korona, miezi sasa hajaonja chakula changu. Feza ananitumia kwa simu. Juzi niliona peruki kwenye statusi ya muuzaji mmoja wa Lubumbashi, nywele za kufika mgongoni, dola 60. Nikalipa. Sasa wifi yangu anatangaza kwamba nimevaa jasho la kaka yake kichwani. Peruki nayo ni dhambi? – Mwenye Kichwa Kipya, Kikula*

Mama wa Kikula, kabla ya kichwa tuangalie jikoni. Kuna unga? Kuna makaa? Kuna sabuni? Nauliza kwa sababu mahindi yetu mengi yanapita Kasumbalesa kutoka Zambia, na mpaka ule ukibanwa kidogo, mfuko wa unga hapa unapanda bei kabla ya jioni. Hujasahau Machi 23, gavana Jacques Kyabula alipoifunga Haut-Katanga saa 48 kwa kuwashuku abiria waliotoka Kinshasa. Saa 48 tu! Watu walibeba unga kana kwamba Nuhu amekwisha kupiga msumari wa mwisho.

Basi kama zile dola 60 zilikuwa za unga, wifi yako ana haki, hata kama najua, na wewe unajua, kwamba hasira yake itapoa siku utakayomwazima. Kama unga upo, ada ya mtoto imewekwa pembeni na mama mkwe amepata chake, peruki ni yako.

Lakini ngoja, nina neno. Ukienda kwa wakubwa wanaopanga nini ni cha lazima na nini si cha lazima, utakuta kobalti ni ya lazima. Ndiyo maana baa imefungwa na mgodi haukufungwa. Aliyefungwa ni mchimbaji, ndani ya uzio, ili shaba na kobalti ziendelee kutoka. Mashirika ya haki za binadamu yameyaandikia makampuni barua ya wazi juu ya wafanyakazi hao mwezi huuhuu. Na kobalti yenyewe inaenda wapi? Kwenye betri za simu, kama hiyo uliyoionea peruki. Kwa hiyo wifi asikutishe na neno "anasa". Jasho la kaka yake limeingia katika anasa za dunia nzima, bila yeye kuulizwa na bila wewe kuonja.

Wa kuulizwa ni mumewe mtu, si dada yake. Piga picha na peruki kichwani, umtumie. Huko kambini hana cha kutazama isipokuwa kuta na mkuu wa zamu.

*Tantine, mwezi wa tatu nililipa nusu ya bei ya raba za Dubai kwa wakala mmoja. Mpaka leo hazijafika. Anasema lori limekwama Nakonde. Rafiki yangu ana moto, yaani pikipiki, anajua njia za porini karibu na Kasumbalesa. Nimpe mafuta aende akazifuate? – Kijana wa Viatu, Panda*

Kijana, tuanze na wakala, maana huyo ni mwepesi. Mzigo wa kontena ukishuka Dar es Salaam, unapita Tunduma, unavuka Nakonde, unaipasua Zambia nzima, ndipo unafika Kasumbalesa. Mwezi wa Mei, Nakonde iligeuka kiini cha ugonjwa. Zambia ilihesabu visa zaidi ya 70 vya mji huo mmoja katika tangazo la siku moja, na tarehe 11 Rais Lungu akaufunga mpaka. Hapo wakala wako alisema kweli, labda kwa mara ya kwanza katika biashara yake. Lakini kufungwa kule hakukudumu, malori yalianza tena kupita baada ya siku chache. Kama leo mwezi wa Juni lori lake peke yake bado limekwama palepale, basi kilichokwama ni feza yako, na haikuvuka hata daraja.

Sasa njoo kwa huyo rafiki mwenye moto. Hapa sicheki. Wewe utakaa Panda na kandambili zako, umevaa kashene yako ya pua na mdomo vizuri, ukisema "mimi nimebaki nyumbani kama serikali ilivyosema", wakati mtoto wa mwenzio anakata pori usiku, anapita mpakani bila kupimwa, analala katika foleni ya madereva, kisha anarudi na raba zako na chochote kingine kilichompanda njiani, anakikabidhi kwa bibi yake aliyempikia. Kununua raba si kosa. Kubaki nyumbani kwa miguu ya mtu mwingine ndilo kosa. Hata yule dereva wa lori wa halali, anayekaa siku nyingi barabarani na salfa ya viwandani nyuma yake na viatu vyako mahali fulani katikati, leo kila mji anaofika watu wanamkimbia kama mchawi. Umewahi kumfikiria? Ngoja viatu. Mdai wakala kwa maandishi. Rafiki yako muache alale.

*Tantine, nilikuwa na meza ya vikwembe, yaani vitenge, sokoni. Wateja walipopungua nilihamia WhatsApp. Wiki jana mama mmoja alikomandi vitatu. Mtu wa moto alipofika mlangoni, mama akasema hali imebadilika, rudisha. Mtu wa moto ananidai kwenda na kurudi. Na juu yake, kaka mmoja wa kanisani ananiandikia kila asubuhi kwamba nauza vitu visivyo vya lazima wakati wa tauni. – Muuzaji Asiye na Meza, katikati ya mji*

Mama, huyo kaka wa kanisani mpelekee habari za wakubwa wenzake. Afrika Kusini, serikali ilikataza kuuza mtandaoni kitu kisicho cha lazima tangu wafungiwe mwishoni mwa Machi. Mwezi wa Mei waziri Ebrahim Patel akalegeza kidogo, akatoa orodha ya nguo zinazoruhusiwa. Orodha hiyo ilisema shati la kufuma la mikono mifupi linaruhusiwa likitangazwa kama la kuvaliwa ndani ya sweta. Naapa. Shati lilelile, bila sweta, lilikuwa kosa. Nchi nzima ilicheka, na tarehe 14 Mei biashara ya mtandaoni ikafunguliwa kwa karibu kila kitu. Huko Ufaransa, wafanyakazi wa maghala ya Amazon walilalamika kwamba hawalindwi. Aprili 14 mahakama ya Nanterre ikaamuru kampuni ipeleke vyakula, dawa, vitu vya usafi na vya namna hiyo tu, mpaka hatari ipimwe. Amazon ikaona heri ifunge maghala, ikayafungua Mei 19.

Angalia tofauti ya hao wawili, mama. Waziri alitazama shati. Mahakama ilimtazama anayelibeba. Mimi niko na mahakama.

Kwa hiyo kikwembe chako hakina kesi. Tena kaka huyo hajui Likasi vizuri kama anaita kikwembe anasa. Mama zetu waliweka akiba yao katika sanduku la vikwembe, na faranka inavyoteremka mwaka huu mbele ya dola, sanduku hilo limekuwa na akili kuliko kopo la noti. Mtoto akiugua, kimoja kinatoka, kinauzwa, dawa inanunuliwa.

Mwenye kesi ni yule mteja. "Hali imebadilika" tangu saa ngapi? Hali yake aliijua kabla ya kubonyeza. Yeye alitaka kuonja raha ya kuagiza, gharama ya raha hiyo akamwachia mtu wa moto aliyepanda vilima na mafuta ya kukopa, aliyeshika mlango wa geti, aliyeshika noti, na nyumbani kwake mfereji wa REGIDESO umekauka hawezi hata kunawa. Mlipe mtu wa moto safari zote mbili leo, usisubiri kumaliza ugomvi, kisha mtumie yule mama hesabu. Na kuanzia sasa, nusu iingie kwa simu kabla moto haijawashwa. Asiyeweza kutuma nusu hakuwa mteja, alikuwa anapita tu na macho.

*Tantine, nauza kashene. Zikipungua mjini naweza kupandisha bei mara tatu? – Mfanyabiashara, Shituru*

Hapana.

*Tantine, niko Brussels. Wakati wa kufungiwa niliagiza baiskeli ya mazoezi ya kukaa sebuleni, euro 400. Sasa nasoma kwamba wafanyakazi wa kupeleka mizigo wanateseka, nakosa usingizi. Pia mama yangu aliye Shituru ananiomba feza ya sabuni na unga, lakini mwezi huu nimebana. Nifanye nini na dhamiri yangu? – Mwana wa Likasi Ulaya*

Mwanangu, dhamiri yako ni nzima, imekosa njia tu. Imeruka juu ya kichwa cha mama yako ikaenda kumlilia mtu wa kuleta mizigo, ambaye mlangoni kwako hukumpa hata maji. Maduka ya Ubelgiji yamefunguliwa tangu Mei 11. Watu wako barabarani wanaendesha baiskeli zinazokwenda mahali. Hiyo ya kwako tangaza mtandaoni, uiuze kwa bei itakayopatikana, na mnunuzi aje kuibeba mwenyewe.

Mama yako nimeongea naye. Anasema baiskeli isiyofika popote yeye aliiona zamani, ilikuwa ya baba yako. Mtumie feza ya unga leo, kabla hujafikiri tena. M-Pesa, Orange au Airtel, yoyote. Ila mpigie kwanza, umuulize ipi inashika Shituru wiki hii.