Hotuba ya Bingwa Kuhusu Kuhamisha Tovuti

Ndugu Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa, hasa ile inayonihusu mimi. Mmeniita Tabora niwaeleze namna tovuti ya ushirika wenu wa asali itakavyohama seva, na mmefanya busara. Mabingwa wa fani hii nchini tuko wawili, na yule mwenzangu huniuliza mimi. Nimehamisha tovuti nyingi. Baadhi zimefika.

Vijana wa leo hudhani kuhama ni kukopi mafaili: picha za mizinga, nembo, mwenyekiti akitabasamu. Wakishayapandisha kwenye seva mpya, ukurasa unatoka mweupe pe! Bei, oda na majina ya wateja vimo kwenye kanzidata, nayo huchotwa kwa amri yake, ikatoka kama faili moja refu la maandishi, kisha ikamiminwa upya kule iendako. Hata hapo, faili la mipangilio bado linabisha hodi kwa seva ya zamani, kwa nywila ya zamani. Libadilisheni.

Walimu wa haya yote (baada yangu) walipita hapa jirani, Kwihara, penye tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Livingstone alipofariki kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, watumishi wake, kina Chuma na Susi, hawakukurupuka kubeba mwili wake kwenda pwani. Walifungua masanduku mbele ya wenzao, mmoja wao, Jacob Wainwright, akaandika orodha ya vilivyomo. Nanyi hesabuni majedwali, na mistari ya kila jedwali. Mkishamimina, hesabuni tena. Wakiondoka wateja 812 wakafika 790, wale 22 wamelala porini, na mtu asiniambie mtandao ulikuwa mzito.

Oktoba msafara wao ukaingia Unyanyembe, huku huku kwenu Tabora. Ukamkuta Luteni Cameron, Mwingereza, akawashauri wamzike marehemu hapahapa. Walipokataa, hakukosa la kufanya: alifungua mizigo akajichukulia vyombo vya marehemu vya kupimia. Kila uhamisho una Cameron wake. Hajabeba kitu, ana ushauri tele, na akiondoka kuna kitu kimepungua. Aliyecheka pale nyuma atulie. Mimi nimekuja na tiketi ya kwenda na kurudi.

Mbele ya safari wenyeji wakagoma maiti kupita kwao. Wapagazi wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakajifanya wanairudisha Unyanyembe ikazikwe. Mwili wenyewe ukafungwa kama robota la nguo, ukapita mchana kweupe. Lile faili la kanzidata lina simu na anwani za watu. Lisisafiri uchi! Lifungeni kwa nywila, lipite njia ya siri ya SSH, na likishafika lisiachwe kwenye folda ambayo kila mpita njia anaweza kuifungua. Nimewahi kulikuta moja huko, tena lilipewa jina “backup”, kama vile mwizi angehangaika kulitafuta.

Kuhusu jina la tovuti: kompyuta za njiani hukumbuka linakoelekea kwa muda uliopangwa, wakati mwingine sekunde 86,400, yaani siku nzima. Siku mbili kabla, ushusheni hadi 300. Msipofanya hivyo, wateja wengine watanunua kwenye seva mpya na wengine kwenye ya zamani, na asali ileile itauzwa mara mbili. Kwa hiyo ya zamani iacheni hai, ila isipokee oda tangu nakala inapochukuliwa, na mkataba wake msiuvunje mapema. Moyo wa Livingstone ulibaki kwa Chitambo. Wenu utabaki kwenye barua pepe za seva ya zamani, ambazo hakuna anayezikumbuka hadi mteja wa nje alalamike kuwa hajajibiwa.

Februari 1874 mzigo ukafika Bagamoyo, miezi tisa njiani. Wapagazi wengi wakalipwa wakatawanyika. Aprili, marehemu alipozikwa Westminster Abbey, London, Jacob Wainwright alikuwapo; Chuma na Susi hawakuwapo.

Utaratibu mzuri sana. Kazi yenyewe ataifanya kijana wenu yule aliyekaa karibu na mlango, usiku, wateja wakiwa wamelala. Siku ya uzinduzi nitakata utepe mimi. Yeye asisumbuliwe na mwaliko, viti ni vichache. Maswali yataletwa kwa maandishi, treni ya Dar hainisubiri. Kijana, hebu nibebee begi hadi stesheni. Na lile dumu la asali pia.